Pikapu Iliyomzimia Baba

Mimi na hasira zangu tumezaliwa siku moja, na Jumamosi ile zilinitangulia mlangoni. Jirani alikuwa amewaleta Baba na mjukuu wake kwa gari lake. Binti yangu alishuka analia kwa kwikwi, hata maneno hayatoki. "Mama, lori! Lori lilikuja!" Nyuma yake Baba yuaja polepole, kofia mkononi, kanzu imelowa jasho mgongoni.

Pikapu ilibaki Bamburi. Ilimzimikia katikati ya barabara ya Malindi, alipokuwa akikata kuingia upande wa pili, na lori la mchanga likaja likipiga honi mfululizo mpaka likapanda ukingo kumkwepa. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amekaa upande uleule lilikotokea lori. Jirani ndiye aliyenisimulia hayo.

Ilikuwa mara ya sita gari kumzimia Baba. Kwangu mimi halikuwahi kuzima hata siku moja, na hilo ndilo lililonitia kiburi. Basi nikasema, mbele ya mtoto, mbele ya jirani: "Baba, tatizo si gari. Tatizo ni wewe. Akili zimeanza kukutoka. Lete funguo kabla hujaniulia mtoto."

Jirani aliangalia chini. Mimi nilingoja Baba anikaripie, anirushie hata kiatu, na haki alikuwa nayo. Mzee ameendesha magari tangu mimi sijazaliwa, na pikapu ile ameitunza kwa mkono wake miaka na miaka. Yeye alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani, kisha akaenda kutawadha.

Nisikilizwe kidogo, si kwamba nilikurupuka tu. Gari letu lilikuwa na zamu. Jumapili mpaka Alhamisi lilikuwa langu, alfajiri napeleka mahamri kwa wenye vibanda vya chai kuanzia Kisauni hadi Mtwapa. Ijumaa halitoki, Ijumaa ni siku ya usafi na biriani. Jumamosi lilikuwa la Baba, huleta nazi sokoni Kongowea kutoka kwenye kishamba chetu nyuma ya Shanzu, na mjukuu wake huandamana naye kwa kuwa hakuna shule. Siku tano mimi naendesha, gari linakwenda kama saa. Siku moja Baba anaendesha, gari linazima. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Na fundi naye alinichochea. Ni kijana wa bara, ana gereji yake hapo Kisauni, mpole, anajua kazi. Kila gari lilipozima, Baba alikaa kivulini kando ya barabara nusu saa, akajaribu tena, likawaka kwa mguso mmoja. Likifika gereji halina hata kikohozi. Fundi alibadilisha plagi zote. Akasafisha kabureta. Akabadilisha pampu ya mafuta na chujio lake. Mwishowe akafuta mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hii gari haina shida. Labda mzee anasahau klachi." Wallahi, nilifarijika. Nilifarijika kuambiwa babangu anazeeka, kwa sababu angalau sasa nilijua pa kushika.

Jumamosi mbili zikapita, gari limelala uani, Baba amelala chumbani. Akitoka ni kwenda msikitini na kurudi. Nikimsalimia "Shikamoo Baba," anaitikia "Marahaba," basi, mazungumzo yameisha. Jumamosi ya tatu nazi zilikuwa zimeanza kuharibika shambani na mnunuzi anapiga simu. Nikasema nitakwenda mwenyewe, kwani nazi ni sayansi?

Nilizipakia, nikarudi nazo. Nimeiacha Shanzu nyuma kidogo tu, pikapu ikakohoa mara mbili, ikatetemeka, ikazima.

Lo! Nilibaki nimeshika usukani uliokuwa mzito kama jiwe, nyuma yangu honi, mbele yangu barabara, na mimi sijui hata nikanyage nini. "Mama, toa gari!" mtu ananifokea. Nitoe vipi, ndugu yangu, nilibebe? Waendesha bodaboda ndio walionisukuma hadi pembeni. Klachi sikuisahau. Sikusahau kitu chochote. Gari limezima mikononi mwangu, mikono ileile iliyopokea funguo.

Nikampigia fundi. Akaniuliza, "Iko imezima saa hii?" Nikamwambia imezima kabisa. "Usiguse kitu. Usijaribu kuwasha. Nakuja." Alikuja kwa pikipiki na mfuko wa spana, na kwa mara ya kwanza akafunua boneti gari likiwa bado limekufa, halijapewa nusu saa ya kujitibu. Alichomoa waya wa plagi, akaniambia nipige stata, akatazama. "Hakuna moto," alisema. Akafungua kile kifuniko cheusi cha distributa, pale moto wa plagi unapogawanywa. Ndani kulikuwa na matone, yamejipanga kama jasho juu ya mdomo. Na ubavuni mwa kifuniko palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Akagusa tone kwa kidole, akanusa. Akanusa tena, akanigeukia.

"Madam, hii si maji tu. Hii inanukia harusi."

Yarabi! Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga, na buibui langu.

Mamangu, Mungu amrehemu, kila Ijumaa akishafukiza nyumba udi, alikuwa akichukua mrashi wake wa shaba, akatoka uani kuirashia pikapu marashi ya mawaridi, huku akiomba dua waendao nayo warudi salama. Milango, na boneti kwa nje. Basi. Alipofariki mwaka jana, mrashi nikaurithi mimi. Na mimi na ujuaji wangu nikaona kwa nje hakutoshi. Baba amezeeka, anahitaji kinga zaidi. Nikawa nafunua boneti, narashia injini yenyewe, bila uchoyo, hasa pale penye nyaya nyingi, maana niliona ndipo penye roho ya gari.

Nilimweleza fundi yote. Alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Alinifafanulia pole pole: marashi yanaingia kwa ule ufa, gari likipata moto yanageuka mvuke, moto wa plagi unapotea njia, linazima. Likikaa, linakauka, linawaka. "Ndiyo maana mkiniletea sioni kitu." Na kufika Jumapili, siku yangu, Baba ameshanikaushia injini kwa safari yake ya Jumamosi. Zile Ijumaa mbili za kwanza baada ya lori sikurashia, kwa kuwa Jumamosi gari halitoki; ya tatu nikarashia tena, nisiikatize dua ya mama.

Kwa hiyo lile lori nililipeleka mimi. Kwa mkono wangu, kwa dua za marehemu mama yangu, nilimweka mwanangu mbele ya lori, kisha nikamwambia babangu akili zimemtoka. Sijui nilifikaje nyumbani. Fundi ndiye aliyeendesha, baada ya kupangusa distributa kwa shati lake.

Baba alikuwa chumbani, juu ya msala. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia kila kitu, mrashi, ufa, marashi, sikujificha popote. Akanisikiliza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Yaani injini yangu umeigeuza bibi harusi?" Nikacheka na machozi yangu, nikashukuru Mungu, nikaona yamekwisha. Nikachukua funguo nikamtia mkononi.

Akazirudisha.

"Kaa nazo wewe."

"Baba, si nimekwambia? Hukuwa na kosa. Ni mimi!"

"Nimekusikia, mwanangu." Alikunja msala, akaukunjua tena, akausawazisha pembe. "Lakini siku hizi mimi siswali peke yangu. Hapa naketi tu. Nangoja swala ya jamaa msikitini, hata alfajiri, nipate kusimama nyuma ya mtu. Nikiwa peke yangu naogopa nitakosea hesabu ya rakaa."

"Tangu lini, Baba?"

Alinitazama kwa huruma, kama kwamba mwenye kuumia ni mimi.

"Tangu uliponiambia."