Maji ya Manik

Mume wangu anaitwa Nengah Lodra, lakini tangu binti yetu Sriasih azaliwe hakuna anayemwita hivyo isipokuwa mimi, nikishapandwa na hasira. Kwa wengine wote ni Baba Sriasih. Miaka thelathini na mbili amewapandisha wageni milimani, na kwa miaka hiyo yote swali lake la kila jioni ni moja tu: "Mama Sriasih, viatu vyangu vimekauka?"

Goti lake la kulia lilikuwa limeshamkataa. Mwaka jana alisema basi, anastaafu. Halafu Sriasih akashikwa na uchungu, siku mbili mtoto hatoki. Mimi nilikuwa ndani nimemshika mkono binti yangu. Baba yake akaenda kwenye madhabahu ya nyumbani kwetu, akaapa kwa sauti, majirani wakisikia: mtoto akitoka mzima, siku ya kukanyaga ardhi atamletea maji ya hekalu la juu la Gunung Agung, mlima mtakatifu ulio juu ya kijiji chetu, kwa miguu yake mwenyewe.

Manik akatoka mzima, analia kama kengele. Mtoto kwetu hagusi ardhi mpaka atimize siku mia na tano, kwa hiyo tulimbeba kwa zamu, mimi, mama yake, baba yake, majirani, hata muuza tofu. Siku zikawa zinakaribia na babu yake anachechemea.

Zikiwa zimebaki siku nane akaja Denka, msichana wa Kicheki mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Alitaka kutembea siku saba, milima ya moto na mahekalu, bila gari. Baba Sriasih akakubali hata kabla hajamaliza kusema.

"Wee Lodra! Goti hilo?" nikamwambia.

"Safari yake inaishia Agung. Nitakuwa nimetimiza nadhiri na kazi kwa mkupuo mmoja."

"Utarudi umebebwa kama nguruwe wa sherehe."

"Basi mniwekee wali mwingi," akasema, akavaa viatu.

Yale ya njiani nilisimuliwa na Denka, kwa Kiindonesia chake cha kuokoteza. Walipanda mlima Batur gizani, jua likawakuta juu, wakapika mayai kwenye mvuke unaotoka mwambani. Kila hekalu walilopita Baba Sriasih alimfunga kitambaa kiunoni kama anamvisha mwanawe, na kila mwenye kibanda cha kahawa alimjua na kumwita Baba Sriasih. Siku ya saba wakapanda mpaka hekalu la juu la Agung. Kuhani akamjazia maji kwenye mtungi mdogo. Kuanzia hapo aliubeba kichwani, hakuuweka chini hata mara moja. Akitaka kujisaidia, Denka anaushika juu kwa mikono miwili. Alinionyesha jinsi mikono ilivyokuwa ikimtetemeka, tukacheka.

Lakini jioni ile walipofika nyumbani sikucheka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimefunga kamba nyuma ya jiko, nikaanika saruni zangu chini ya ukingo wa paa. Kamba imekatiza njia ya uani. Baba Sriasih kila siku huingia kwa mlango wa mbele. Siku hiyo akaona atushtukize kwa nyuma, mzee mzima. Nikamwona kupitia dirisha la jiko: mtungi kichwani, macho yako kwenye utelezi, anapita chini ya saruni zangu.

Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Hupiti chini ya nguo za kiunoni, ni unajisi, sembuse ukiwa na maji matakatifu kichwani. Maji yale yalikuwa yameharibika, na aliyeyaharibu ni mimi.

Hakuna mwingine aliyeona. Akaingia, akapandisha mtungi kwenye madhabahu, akakaa. Goti limevimba kama papai. Anatabasamu peke yake. Nikamkanda goti kwa mafuta ya moto, nikamlisha, nikalala. Usingizi wenyewe uko wapi? Nikamfikiria Manik: kila atakapopiga chafya, nitazikumbuka saruni zangu.

Alfajiri nikamwambia. Nilidhani atanifokea. Akaangalia uani, akaiona kamba.

"Sherehe ni kesho asubuhi," akasema. "Leo bado ipo. Nipe viatu."

"Nisamehe, Baba Sriasih."

"Nipe viatu kwanza, utalia njiani."

"Njiani wapi?"

"Kwani mimi ndiye niliyefunga kamba? Twende wote."

Denka akauliza kama maji ya pale bombani si maji yale yale. Baba Sriasih akamwambia alale, malengelenge yake yapone. Hakulala. Akaja.

Miaka yote hiyo sikuwahi kupanda naye. Kulikuwa na nguruwe, kulikuwa na sadaka za kusuka, kulikuwa na mimi kusema nitaenda mwaka kesho. Kumbe mlimani anaimba! Anaimba vibaya, lakini anaimba. Kwenye ngazi za mwisho goti likagoma kabisa. Nadhiri ilisema miguu yake, hatukuweza kumbeba. Denka akamvuta mikono kwa mbele, mimi nikamsukuma makalio kwa nyuma.

"Taratibu, mke wangu, watu wanaona!"

"Waone! Panda!"

Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akainuka, akapanda moja, akapumzika, akapanda nyingine. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kuhani akatujazia tena bila kuuliza kitu. Kushuka, mtungi niliubeba mimi, na kufika nyumbani tukazunguka mtaa mzima tuingie kwa mlango wa mbele. Kamba nilikuwa nimeshaikata kwa kisu.

Asubuhi kuhani wa kijiji akamnyunyizia Manik maji yale. Sriasih akamshusha taratibu. Kitoto kikakunja miguu, hakitaki ardhi.

"Mbishi kama babu yake!" watu wakapiga kelele.

Babu yake alikuwa amekaa chini mkekani, hawezi kusimama. Akaushika mguu mmoja wa Manik, akaunyoosha, akauweka udongoni. Halafu wa pili. Manik akatutazama sote.

Jioni nikaviosha viatu vya Baba Sriasih, nikaviweka karibu na meko, nikasubiri aniulize kama vimekauka. Alikuwa barazani na mjukuu wake mapajani, anamwimbia vibaya. Nikasubiri mpaka moto ukazimika. Hakuuliza.