Wino wa Tetemeko

Mtaani walimwita Bi Wino, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu, maana vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha na havikutakata kwa sabuni wala kwa mchanga. Kaka yake alichora katuni kwa penseli. Yeye alijaza weusi. Pale kaka alipotaka giza, kivuli au nywele, aliweka alama ndogo ya X, na Bi Wino akapita na brashi akapajaza. Jina la kwenye jalada lilikuwa la kaka peke yake. Lakini ondoa weusi kwenye katuni zile, unabaki na nini? Karatasi iliyokwaruzwa na kuku.

Katuni yenyewe iliitwa Kikosi cha Mikosi, na ilisomwa mpaka kurasa zikachanika. Ilihusu vijana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya nguvu walizozaliwa nazo bila kuziomba. Mmoja alikuwa akikohoa anatema moto. Mapacha wawili walikuwa wakigombana tu, taa za mji mzima zinazimika. Na alikuwepo msichana aitwaye Tetemeko, ambaye akishikwa na lile jambo lake huanguka akatetemeka, ardhi nayo ikatetemeka pamoja naye, kuta zikapasuka. Kwao walikuwa wakimpa chai kwenye kikombe cha bati, asije akavunja vya wageni.

Siku Bi Wino alipokiona kile kikombe kwenye mchoro, brashi ilimtoka mkononi. Kilikuwa chake. Kilikuwa na pengo ukingoni, palepale lilipo pengo la chake. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na tangu alipoanguka na trei ya glasi mbele ya wageni, marehemu mama yao alimtengea kikombe cha bati. Wifi yake alipoolewa akaurithi utaratibu huo pamoja na masufuria.

Mtu mwingine angekasirika. Yeye alifurahi, tena furaha ya siri, ya kucheka peke yake jikoni. Kwani yeye alikuwa ametoka lini? Kaka na wifi wakienda shughuli zao walimfungia mlango kwa nje. "Ni kwa usalama wako, dada," kaka alizoea kusema. Tetemeko je? Tetemeko alipanda milima, akalala juu ya mapaa ya miji ya mbali, na alikuwa na wenzake ambao akianguka hawakukimbia. Walikaa chini wakamsubiri azinduke. Kila toleo Bi Wino alisafiri naye.

Kisha likaja toleo lile. Kaka alimwekea kurasa mezani asubuhi, akatoka kwenda uani bila kunywa chai, naye ni mtu ambaye chai kwake ni dawa. Bi Wino akafunua moja moja mpaka ya mwisho. Ukurasa wote ulikuwa kisanduku kimoja. Tetemeko amelala barabarani, mkono umenyooka, na umati umemzunguka unatazama. Alama za X zilikuwa kwenye nguo yake, kwenye mikono yake, na moja juu ya uso.

Akamfuata kaka uani.

"Kaka, huyu anakufa?"

"Mhariri anataka mmoja afe. Anasema wasomaji wamepoa."

"Mbona yeye? Yule wa moto yupo, mapacha wapo."

"Wale bado wana safari mbele."

"Na yeye?"

Kaka aliokota kijiti, akakivunja. "Yeye nimefika naye mwisho. Sijui tena nimpeleke wapi."

"Ungeniuliza mimi."

Kaka akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Wewe, dada? Wewe umefika wapi?"

Bi Wino alirudi mezani. Machozi yalipoanza kudondoka alizisogeza karatasi pembeni zisilowe, maana kazi ni kazi. Angeweza kuuchana ule ukurasa. Lakini kaka angechora mwingine, na X zikawa palepale. Akachovya brashi.

Akajaza nguo. Akajaza mikono. Alipofika usoni alisita, akawatazama wale watu wa kwenye umati. Kaka alikuwa amewachora kwa ustadi, hilo tusimnyime: mmoja ameziba mdomo, mwingine amembeba mtoto begani ili aone vizuri. Bi Wino aliwajua wote. Ndio hao hao aliowakuta juu yake zamani, kabla hajaanza kufungiwa ndani, kila alipozinduka, sketi imepanda, mate shavuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfunika. Wanaelekezana kwa vidole tu. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wa Tetemeko ni nani kama si yeye?

Akajaza uso. Akajaza na mistari yenyewe. Akajaza barabara, viatu vya watu, mtoto wa begani, mpaka ukurasa ukawa mweusi tii, pembe hadi pembe.

Kaka alipokuja kuuchukua, aliupeleka dirishani kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Dada! Si nilikwambia ujaze penye X?"

"Nimejaza."

"Umejaza kila kitu! Mtu haonekani!"

"Ulitaka afe, amekufa. Kutazamwa, hatatazamwa."

Dereva wa kiwanda cha uchapaji alikuwa ameshaanza kupiga honi nje. Muda wa kuchora upya haukuwepo. Kaka aliuchomeka kati ya kurasa nyingine. Ukurasa ukaenda hivyo hivyo.

Siku toleo lilipoingia mtaani, kaka na wifi walikuwa wametoka. Bi Wino alisimama dirishani. Chini yake watoto walikuwa wamelizunguka toleo moja, vichwa vikigongana.

"Amekufa," mmoja alisema.

"Nani kasema? Wewe umeiona maiti?"

"Si pameandikwa Mwisho hapa nyuma ya jalada?"

"Mwisho wa kitabu, mjinga wewe! Giza limeingia, yeye akachomoka. Saa hizi yuko mbali."

Mmoja wao aliinua macho, akaona vidole vyeusi vimeshika nondo za dirisha. "Shangazi! Si wewe ndiye unayemjaza? Tetemeko kaenda wapi?"

Bi Wino alitafuta kichwani mahali pa kumpeleka. Alitafuta mji, alitafuta hata barabara moja anayoijua, asipate.

"Ametoka," alisema mwishowe.

"Kaenda wapi sasa? Njoo nje utusimulie!"

Aliutazama mlango.

"Siwezi," alisema. "Ufunguo anao wifi."

Watoto wakarudi kwenye kitabu chao.