Ulikula na Nani?

Mimi nina mdomo. Mke wangu alishaniambia, mama yangu alishaniambia, hata bosi wangu, Mhindi mwenye malori manne pale Kahama, alishaniambia: dereva, punguza maneno. Sikupunguza. Mwaka ule wa korona mdomo huu ulinifanyia kitu ambacho nikikikumbuka niko kwenye usukani, inabidi niegeshe gari pembeni nipumue kwanza.

Nilikuwa nimeshapakia Isaka, ngano ya kwenda nchi jirani, ng'ambo ya mto, turubai limefungwa, karatasi zote ninazo. Mdogo wangu wa kike akapiga simu kutoka kwetu kijijini, Ushetu. Mama ameanguka jikoni. Upande wa kushoto hauna nguvu, maneno yanatoka kwa shida, na anachokitaka ni mimi tu. Mimi ndiye kifungua mimba wake, na baba alishatangulia zamani.

"Kaka, njoo," akasema. "Usichelewe."

Ningeondoka Isaka saa ile, ningefika kabla jua halijazama. Badala yake nikapiga hesabu za kidereva. Siku hizo wenzetu wa ng'ambo walikuwa hawaturuhusu tena kuingia ndani ya nchi yao. Unavuka daraja, unaacha mzigo kwenye yadi yao pale pale mpakani, dereva wao anaupokea, wewe unageuza. Nikasema siku tatu zinatosha, mama atanisubiri. Hakuna aliyenilazimisha. Bosi hakujua hata kama mama anaumwa. Ni mimi na ujuaji wangu.

Foleni ya mpakani peke yake ilikula siku mbili. Tukachomekwa vijiti vya pamba puani, tukaambiwa tusubiri majibu. Pasipoti zikakusanywa, zikafungwa kwa mpira, zikaenda ofisini. Majibu yakaja: mimi sina kitu. Nikavuka, nikashusha mzigo, nikapewa karatasi ya majibu yangu yenye muhuri. Jamani, nilivyoifurahia karatasi ile! Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati, nikampigia mdogo wangu nikamwambia kesho mchana niko hapo, mwambie mayu avumilie. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwetu Usukumani.

Asubuhi yake, kabla hatujarudishiwa pasipoti, ikasemekana dereva mmoja wa msafara wetu majibu yake yamerudi mabaya. Tulikuwa wanane kutoka Isaka. Yadi ikafungwa. Akaja dada mmoja, mtumishi wa afya, kavaa nguo nyeupe mwili mzima, macho tu yanaonekana, na fomu mkononi. Akawa anatuita mmoja mmoja. Swali lenyewe lilikuwa moja: ulikula na nani?

Hapa nieleze kidogo. Sisi wa njia ile tunapika. Kila lori lina boksi la jiko ubavuni mwa tela: mkaa, sufuria, unga, dagaa. Mkiegesha, mmoja anawasha moto, mwingine anasonga ugali, mnanawa kwa jagi moja, mnazunguka sinia moja. Dereva anayejifungia kwenye kabini na chakula chake tunamtilia shaka. Tunasema ana mambo yake. Huyo tairi likimpasukia katikati ya pori, watu wanampungia mkono wanapita. Kwa hiyo mtu kukuuliza kama ulikula peke yako, kwetu ni kama amekuuliza kama wewe ni mchawi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana mgeni kwenye njia, tumbo lilikuwa linamsumbua, siku hizo alikuwa anakunywa chai tu kwenye gari lake. Akasema alikula peke yake. Akapewa pasipoti, akaondoka. Nikamwona anawasha gari, anashika njia ya nyumbani.

Ikafika zamu yangu. Dada yule akaitazama karatasi yangu yenye muhuri, akanitazama na mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, akakipanga polepole. "Wewe baba, wewe ulikula peke yako. Sivyo?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Leo naliona hilo wazi kabisa. Alikuwa amechoka, alishaona mimi ni mzima, alitaka neno moja tu: ndiyo. Na mimi nyuma yangu wamesimama wenzangu watano wananisikiliza, watu niliokula nao miaka kumi. Aliyeniroga kafa, haki ya Mungu.

"Mimi?" nikasema, na sauti juu. "Dada, nile peke yangu nina nini? Tangu nizaliwe sijala peke yangu. Mimi na hawa, sinia moja, mikono humo humo!"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akanipiga bega. Dada hakucheka. Akaandika.

Siku kumi na nne.

Nilipoelewa, nilimfuata nikimwomba anifutie. Nikamwambia nilikuwa natania, nilikula peke yangu kweli. Akasema, "Baba, nimeshaandika." Nikamwonyesha karatasi: mimi mzima! Akasema ndiyo, mzima, lakini ulikula. Wenzangu nao walipoulizwa wakasema vivyo hivyo, tena kwa sababu yangu; nani angekana mbele ya maneno niliyoyatoa?

Tukawekwa kwenye mahema nyuma ya yadi, kila mtu na godoro lake, kila mtu na sahani yake ya kutupwa. Asubuhi na jioni wanakuelekezea kipimo cha joto kwenye paji la uso. Mimi joto langu lilikuwa zuri siku zote. Bosi akapiga simu, akasema pole sana ndugu yangu, sasa mimi nitafanyaje, hizi ni serikali mbili. Niliomba nifungwe pingu, nisindikizwe na askari nikamwone mama kutokea mlangoni, nirudishwe. Wakanihurumia. Huruma yao haikunisogeza hata hatua moja.

Kutoka pale hemani nililiona daraja. Ng'ambo yake ni kwetu. Malori yalikuwa yanapita juu yake mchana kutwa.

Siku ya sita mdogo wangu alimwekea mama simu sikioni. Nikasema, "Mayu, nakuja. Nivumilie mayu, nakuja." Nikasikia anapumua. Hakunijibu. Nikajua ni maradhi yamemzuia.

Siku ya tisa, mchana, simu ikaita. "Kaka," mdogo wangu akasema, kisha akaangua kilio. Nililia kama mtoto, mbele za watu, sikuona aibu. Wale watano walitaka kuja kunishika, mlinzi akawarudisha, kila mtu kwenye hema lake.

Walimzika kesho yake. Mjomba alipiga simu akaishika juu ya kaburi ili niwepo angalau kwa masikio. Nikasikia wanaimba, nikasikia sepetu zinaanza kurudisha udongo. Nikakata simu mwenyewe.

Walipotuachia nilikuja na lori tupu mpaka Kahama, nikaliacha kwa bosi, sikupita hata nyumbani kwangu Nyasubi. Nikachukua pikipiki kwenda kijijini, mwendo wa saa mbili hivi. Kaburi lilikuwa limeshaanza kukauka na kupasuka juu. Nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndani nilimkuta mdogo wangu anakunja kanga za mama. Akanisalimia shikamoo bila kuinua macho. Nikaitikia, nikakaa chini, nikamwuliza mama alisema nini alipoambiwa nimezuiwa mpakani.

Akakunja kanga nyingine.

"Hatukumwambia, kaka."

"Hamkumwambia nini?"

"Kwamba umezuiwa. Korona ilikuwa inamtisha, kila siku anaisikia redioni. Tungemwambia mwanao kawekwa kwenye mahema ya wagonjwa huko ugenini, angekufa siku ile ile. Mjomba ndiye alisema tumfichie."

"Sasa mkamwambiaje?"

"Tukamwambia gari lako bovu. Kwamba uko Kahama, unalitengeneza."

Nilitaka kumfokea. Hawakuwa na nia mbaya. Mgonjwa kwetu haambiwi mabaya, hata mimi ningefanya vile vile.

"Akasemaje?" nikamwuliza.

Mdogo wangu akaweka kanga chini.

"Aliuliza, Kahama hii? Tukamwambia ndiyo, mayu, Kahama. Akageukia ukutani. Hakukuulizia tena."