Mashua ya Dada

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na mataruma. Mataruma ni zile mbavu za ndani ya chombo, nami nilizikata zote, jozi kwa jozi, nikazisimamisha juu ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, kabla sijakunja ubao hata mmoja. Nilikuwa natengeneza meli ndogo ya mfano, nikiiga picha ya meli ya Kizungu niliyoikuta kwenye kipande cha gazeti dukani, kimefungiwa sukari. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani Garsen bila kazi, na hakuna mtu aliyenifundisha. Nilikuwa na wembe, msasa, gundi ya mbao, na spoki ya baiskeli niliyoipasha moto ili kutoboa matundu.

Chombo hicho nilikitia ndani ya mfuko nikakipeleka Kipini, kwao mama, kuwaonyesha wanaounda mashua pwani. Mmoja wao alikishika, akakigeuza juu chini, akawaita wenzake.

“Kijana ameanza na mifupa,” akasema. “Sasa nyama utaitafuta wapi, bwana?”

Walicheka sana. Kisha wakanionyesha mashua waliyokuwa wakiiunda. Huko mbao hutangulia. Hukunjwa, huungwa, na umbo hutokea lenyewe kadiri ubao unavyokubali. Halafu ndipo taruma hukatwa, moja moja, kila moja likifuata mahali pake palivyo. Hakuna mawili yanayofanana. Upande wa kushoto ukitoka mnene kidogo, taruma lake nalo hukatwa hivyo hivyo, na chombo kinakwenda baharini.

Nilirudi nyumbani nikaichoma meli yangu kwenye jiko la mama. Utaratibu wa kazi niliushika tangu siku ile. Ile habari ya kufuata ubao ulivyo sikuishika.

Niliunda vyombo vingine. Vitatu vilifika mwisho, nikavipanga juu ya rafu niliyoipigilia karibu na dari, nikavifunika kwa pazia kuukuu. Mgeni akija nilimfunulia, akatazama, nikafunika. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Nilipima kila kitu kwa uzi, na upande mmoja ukizidi mwingine kwa unene wa msumari, nilikibandua chombo chote nikaanza upya. Mama alisema ninafuma na kufumua kama mtu aliyerogwa. Nilijua anasema kweli. Sikuweza kuacha.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zile ambazo kila mtu wa mto huu anazikumbuka. Mto ulitoka kwenye kingo zake ukawa nchi nzima. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Chara, na maji yalipoingia nyumbani kwao, mumewe alimleta kwetu kwa mtumbwi kisha akarudi kulinda magunia ya mpunga aliyoyapandisha kwenye uchaga. Dada alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Mama hakumruhusu kuinua hata ndoo. Basi akawa anakaa nami chumbani, miguu imevimba, akinitazama nikipasua mbao za sanduku la chai.

“Fundi,” akaniambia siku moja, “nataka mashua. Si ya kwenye rafu. Ya kwangu, niende nayo Chara. Nataka mwanangu akianza kutazama vitu, aione.”

“Ya namna gani?”

“Kama zile za Kipini. Tanga moja. Usinitilie mapambo.”

Niliifanya kwa utaratibu wa Kipini, mbao kwanza. Dada alishika kazi ya kamba na tanga. Mikono yake ilikuwa imezoea kusuka mikeka, na vidole vyake vilienda haraka kuliko nilivyoweza kufuata. Alilishona tanga kwa kipande cha kitambaa cha marekani, akafunga kamba zote kwa uzi wa nyavu, kila moja na fundo dogo la duara ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Alipofunga alikuwa akiimba chini chini, nusu Kiswahili, nusu Kipokomo cha baba yetu.

Mafundo yale hayakulingana. Moja lilikaa juu, jingine chini. Alipolala mchana, niliyafungua. Niliyafungua yote, nikafunga upya mafundo yangu, madogo, yaliyosimama mstari mmoja, na uzi wake nikauweka kwenye mkebe wa siagi. Tanga nalo nilikata jipya, kwa sababu mshono wake ulikwenda kombo pembeni.

Aliamka, akaiona. Aliinyanyua akaisogeza usoni, akapitisha kidole juu ya mafundo yangu.

“Haya,” akasema. “Sasa ni nzuri.”

Akairudisha mezani. Hakuigusa tena kamba hata moja, na sababu niliijua.

Jirani yetu mmoja, Muorma, alikuwa amewasogeza ng'ombe wake kwenye ardhi ya juu nyuma ya nyumba yetu, na kila asubuhi alituletea maziwa. Alikuwa akisimama mlangoni, fimbo begani, akiitazama mashua.

“Hii inabeba ng'ombe ngapi?” aliuliza.

“Mmoja,” dada akajibu. “Akikonda kama wako.”

Muorma alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akanigeukia mimi. “Wewe iko tengeneza hii kila siku. Haiishi? Ng'ombe yangu imepata mimba, imezaa, wewe bado.”

“Bado kidogo,” nikasema.

“Hata dada yako atashinda wewe.”

Dada alinitazama akicheka, lakini macho yake yalikuwa yananiuliza swali lile lile. Kilichobaki kilikuwa mlingoti. Ulilala kidogo upande wa nyuma. Nilikuwa nimeung'oa mara nyingi na kuurudisha, na kila nikiurudisha ulilala upande mwingine. Mtu mwingine angeufunga kwa kamba akaendelea na maisha yake. Mashua ilikuwa imekwisha, na kila mtu mle nyumbani alijua hivyo isipokuwa mimi.

Uchungu ulimshika asubuhi, chai ikiwa bado motoni. Mama alifunga nguo, mimi nikatafuta mtumbwi, maana njia ya kwenda zahanati ilikuwa maji matupu. Niliporudi kuwaita, dada alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, ameshika mwimo kwa mikono miwili, anapumua kwa mdomo.

“Nipe mashua yangu,” akasema.

“Bado, dada. Mlingoti umelala.”

“Nipe hivyo hivyo. Nitaushika mwenyewe.”

“Ukirudi utaikuta tayari. Haki ya Mungu, ukirudi utaikuta.”

Hakuwa na nguvu za kubishana. Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa maumivu, na tukampeleka.

Alijifungua mtoto wa kike kabla ya adhuhuri. Nilimsikia mtoto akilia nikiwa nje, nimekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, nami nakiri kwamba nilichowaza wakati ule kilikuwa mlingoti: kwamba sasa nina siku mbili tatu za kuunyoosha kabla hawajarudi nyumbani. Kisha muuguzi alitoka akasema damu haikatiki na mgonjwa anahitaji kufika Malindi. Barabara ya Malindi ilikuwa imekatika na kila mtu pale alijua, yeye akiwa wa kwanza. Tulisimama tukitazama maji. Mama alirudi ndani. Alasiri haijafika, nikamsikia mama akilia.

Tulimzika dada kwenye ardhi ya juu, si mbali na zizi la ng'ombe, kwa kuwa kwingine kote kaburi lilijaa maji kabla halijachimbwa nusu. Shemeji alifika kesho yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia msiba. Mtumbwi uliokuwa ukimpelekea habari ulipishana naye njiani. Alikuja amebeba kuku wawili wa uzazi.

Mimi nilijifungia chumbani na mashua. Nilitaka kitu kimoja tu: fundo moja la dada. Nilikagua kila kamba, kila pembe ya tanga, nikaingiza vidole mpaka chini ya sitaha. Yote yalikuwa yangu, madogo, kwenye mstari. Nilifungua mkebe wa siagi. Uzi wake ulikuwamo, na bado ulikuwa umejikunja pale mafundo yalipokuwa. Nilijaribu kufuata mikunjo ile, nizunguke pale alipozungusha. Haikuwezekana. Nilitoka na uzi mkononi nikamuuliza mama.

“Mama, fundo lile la dada, nani alimfundisha?”

Alikuwa akimnywesha mtoto maziwa ya Muorma kwa kijiko.

“Sijui, mwanangu,” akasema. “Ule ulikuwa mkono wake tu.”

Mlingoti sikuunyoosha. Niliuacha umelala kama ulivyokuwa asubuhi ile, nikaipandisha mashua kwenye rafu, nikaifunika.

Mtoto alibaki kwetu. Baba yake huja mara kwa mara kutoka Chara, humbeba begani, hurudi shambani kwake. Mtoto alipoanza kusimama, siku moja alilishika pindo la lile pazia lililoning'inia hadi chini, akalivuta, na pazia likashuka pamoja na mashua. Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mtu kelele namna ile. Mtoto aliganda, mashua iko miguuni pake, foromali imevunjika, ule mti mrefu unaobeba tanga.

Mama alisimama mlangoni.

“Kwani si yake?” akaniuliza.

Ilikuwa yake. Nilikaa chini. Nilichukua ule uzi wa mkebeni, nikavifunga vipande viwili vya foromali kwa fundo lililotoka kubwa na baya, nami sikulifungua. Nilimpa mtoto. Alilitia lile fundo mdomoni.

Rafu niliing'oa baadaye. Vyombo vyangu sasa viko sakafuni, pamoja na sufuria na mpira wake wa matambara. Viwili vimekwisha kuvunjika. Bado napima kwa uzi, na kila upande uliozidi bado nauona. Lakini mtu akiniomba chombo, nampa siku anayokiomba, kilivyo.