Nyumba ya Maji Ndani

"Hivi jirani, dalali mwema unamjuaje?"

Swali hilo aliniuliza Mama Cherehani asubuhi moja, mimi nikianika nguo upande wangu wa ukuta, yeye akifagia upande wake. Nikabaki na shuka mkononi. Mimi nyumba niliyomo nimeikuta kwa mume, sijawahi kununua wala kuuza hata banda la kuku.

"Muombe Mungu, dada. Atakuonyesha."

"Kumuomba nimeshamuomba," akacheka. "Sasa nataka kujua macho yangu niyaelekeze wapi."

Tulimwita Mama Cherehani kwa sababu hakujaliwa mtoto, na cherehani yake ndiyo iliyomweka mjini. Miaka thelathini ameshona sare za watoto wa mtaa wetu, na vile vyumba vitatu vyake vimetoka kwenye kanyagio la ile mashine. Ukimpelekea nguo hatazami urembo wa mbele. Anaigeuza ndani nje kwanza, kisha anapitisha kidole kwenye mshono, pole pole, kama anayesoma.

Kuuza hakukuwa tamaa. Walibaki wawili tu kwao, yeye na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo macho yanamfifia. Anaishi peke yake ng'ambo ya pili ya mji, na majuzi alikanyaga kaa la moto asilione. Mama Cherehani akakata shauri auze hapa, anunue kidogo kule, wakae pamoja kabla yule mwenzake hajaacha kumwona kabisa.

Lakini nyumba ile ina kasoro moja. Naijua, kwa kuwa ndoo zangu ndizo zinazokwenda kusaidia. Mvua kubwa ikinyesha, chumba cha nyuma kinaingia maji mpaka kwenye kifundo cha mguu. Wakati wa jua huwezi kujua. Hubaki mstari wa kahawia ukutani, basi. Na mstari wenyewe, Mungu amsamehe, Mama Cherehani alikuwa ameupaka rangi. Nilimwona na brashi nikakaa kimya kama maji ya mtungini. Na mimi Mungu anisamehe.

Dalali wa kwanza alikuja na viatu vinavyong'aa na simu mbili. Nilijidai nimekwenda kuazima sindano. Ukweli nilitaka kuona huyo mtu atatambuliwaje. Mama Cherehani hata hakusimama.

"Pita mwenyewe, baba. Milango yote iko wazi."

Akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuwa amemaliza pindo la sketi moja, bwana yule amesharudi.

"Nyumba safi mama, hakuna shida."

"Chumba cha nyuma umekiona?"

"Nimekiona, hakuna shida."

"Na hati yangu hutaki kuitazama?"

"Hakuna shida, mama yangu. Niachie mimi."

Tangu hapo tukamwita Bwana Hakuna Shida. Kesho yake alifunga kibao mlangoni: NYUMBA INAUZWA. UMEME, MAJI NDANI. Madalali wote huandika hivyo, maana yake bomba limeingia mpaka ndani. Sasa fundi viatu wetu, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akasimama mbele ya kile kibao akakisoma kwa sauti.

"Jamani, dalali mkweli hivi nilikuwa sijamwona! Maji ndani! Kasahau tu kuandika yanafika wapi!"

"Mpaka kwenye godoro!" akadakia mwingine, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Mama Cherehani hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mkasi, akakata kamba ya kibao. Kisha akampigia yule bwana simu, akamweleza habari yote ya mvua. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Ah, mama! Si ndiyo tuuze sasa jua likiwaka? Nimeshapata mtu, anataka wiki hii hii. Akishahamia, maji ni yake."

"Hicho chumba cha nyuma atamlaza nani?"

"Watoto, nadhani. Ana wadogo watatu."

Mama Cherehani akaiviringisha mkononi ile kamba aliyoikata. "Asante, mwanangu," akasema. "Basi."

Nikamuuliza, "Na mdogo wako je, dada? Wiki hii hii si ndiyo ulikuwa unaomba?"

"Ndilo linaloniuma."

Wa pili alikuwa mwanamke, alikuja kwa miguu. Mama Cherehani alielekezwa kwake na mteja wake wa nguo, aliyenunua nyumba kupitia kwa dalali huyo miaka minne nyuma. Nikashangaa kwamba mtu na dalali wake bado wanasalimiana.

Naye akaambiwa apite mwenyewe. Cherehani ikalia. Mkono wa kwanza wa shati ukaisha, wa pili ukaisha, mama wa watu hajatoka chumba cha nyuma. Tukatazamana. Mimi sikuweza kuvumilia, nikaenda kuchungulia. Alikuwa amevua viatu, amechuchumaa, kiganja kimebandikwa ukutani chini kabisa.

"Mama," akaita, "rangi hii ya lini?"

Cherehani ikanyamaza. "Ya Ijumaa."

"Na chini yake kuna nini?"

Mama Cherehani akaja akasimama mlangoni. "Kuna mstari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nione kama utauliza." Kisha akainamisha kichwa. "Hapana, huo nao ni uongo. Niliogopa."

Yule dalali hakumkaripia. Alivaa viatu, akaketi juu ya sanduku la vitambaa. "Itauzika, ila siyo wiki hii, na bei itateremka. Tutafute mtu anayeweza kuinua sakafu, au anayetaka stoo ya vitu vya kuweka juu ya rafu. Ukitaka haraka, mimi siyo mtu wako. Kwani nini kinakukimbiza?"

Akaambiwa habari ya mdogo mtu, macho yake, na lile kaa la moto.

"Sasa kwa nini unamngoja mnunuzi?" akauliza. "Nenda kesho ukakae naye. Cherehani inabebeka. Mimi niachie ufunguo, nitawaonyesha watu."

Jamani, swali dogo namna hiyo, na sisi wawili hatukuwa tumejiuliza! Mama Cherehani alinitazama, akautazama ule ukuta. Miaka yote ufunguo ule hakuwahi kumpa mtu, hata mimi jirani yake. Akaufungua kwenye upindo wa kanga, akauweka kwenye kiganja cha dalali, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Waambie habari ya maji wakiwa bado mlangoni," akasema, "kabla hawajaipenda."