Mtama wa Kuapia

Hasira hii ninayo tangu mwaka 2013, na sioni sababu ya kuiombea radhi.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari moja huko Titye, wilaya ya Kasulu. Mimi mtu wa Tanga, nilipangiwa kazi mbali hata mama akaniuliza kama huko wanatumia hela yetu. Shule ilikuwa imepewa msaada wa vitabu, na ndani yake kamusi moja kuukuu iliyotafunwa na mende. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mpole kupita kiasi, akaniletea neno alilolikuta humo: halidom. Sikulijua. Tukalisoma pamoja mbele ya darasa. Ni neno la Waingereza wa zamani, lina maana ya vitu vitakatifu, au mahali vinapotunzwa. Mtu akitaka aaminiwe, aliapa kwa vitu hivyo.

"Kwa hiyo ticha, ni kama sisi tunavyosema haki ya Mungu?" akauliza mmoja.

Nikamwambia yuko karibu, ila hiki ni kitu unachoweza kukishika mkononi. Basi kwa kiherehere changu nikawapa kazi: kesho kila mmoja alete kitu ambacho kwao hakichezewi, aje atueleze kwa Kiingereza. Binti yule akasita, akauliza kama kitarudi salama. Nikamwambia, wallahi kitarudi.

Kesho yake mwalimu wa nidhamu alipekua mabegi mstarini akitafuta simu. Rozari aliziona, akazirudisha kwa mikono miwili. Kwa yule binti akakuta kikapu kidogo chenye mfuniko uliochongoka, ndani yake konzi moja ya mtama mwekundu. Binti akajieleza. Bibi yake alivuka mpaka na mbegu ile pale Mabamba, akikimbia mauaji Burundi, naye alipewa na mama yake. Kila msimu inapandwa, na wakivuna konzi mpya inarudi kikapuni. Uliobaki wanakula. Nyumbani kwao anayeshukiwa kusema uongo hushika kikapu kile ndipo aape.

"Ushirikina!" akasema mwalimu. Akaumwaga mtama uani kwa kuku wake, kikapu akakitia motoni pamoja na takataka. Mimi wakati huo nilikuwa kwangu nakunywa chai. Nilipofika, kuku walikuwa wanaparua vumbi tupu.

Mtu huyohuyo, kila viranja walipoapishwa, alikwenda kabatini kuchukua Biblia na Msahafu, na ole wake mwanafunzi aliyecheka! Vitabu vyetu vimefungwa vitambaa safi, cha wenzetu ni chakula cha kuku. Nani alimpa yeye kazi ya kupima utakatifu wa nyumba za watu? Nilimwambia mbele ya wanafunzi kwamba hana adabu. Najua si utaratibu, na ningelirudia leo.

Akaenda kushtaki kwa mkuu wa shule kwamba binti ameleta uchawi, asimamishwe masomo. Bibi akaitwa. Alikuja kwa miguu, kitenge chake cha kanisani kimejaa vumbi hadi magotini. Mkuu wa shule alitaka tu yaishe. Akamsogezea Biblia.

"Bibi, apa hapa kwamba si uchawi, mtoto arudi darasani."

Bibi hakuigusa.

"Mwana wanje, mwanangu, hiki kitabu nakiheshimu, nakisikiliza kila Jumapili. Lakini neno la nyumba yangu huwa naliapia mbegu ya mama yangu. Hiyo mmewapa kuku. Sasa mnataka nishike nini?"

Mwalimu wa nidhamu akawa anatazama kalenda ukutani. Kisha bibi akanigeukia mimi.

"Ni wewe uliyemwambia alete?"

"Ni mimi, bibi."

"Akaniambia mwalimu ameapa kitarudi. Ndiyo maana nilimpa. Uliapa kwa kitu gani?"

"Kwa Mungu," nikasema.

"Basi mimi na wewe tumepotewa," akasema, akainuka.

Mkuu wa shule alimrudisha binti darasani palepale, bila kiapo cha mtu yeyote. Aliyemwomba bibi radhi ni mimi peke yangu, nikimfuata hadi getini. Akaendelea na njia yake. Msimu ule wa kupanda nilipita kwao, nikaona wamepanda mahindi.