Kola ya Kisogoni

Juzi nilirudi Shinyanga mjini kumtembelea mdogo wangu, nikakuta bustani yake ya ukoka imejaa ndege. "Shikamoo shemeji," mkewe akanipokea. "Umewaona njiwa wetu? Wametuletea amani." Nikaitikia marahaba, nikavua kandambili nikawarushia. Amani! Usicheke, ndugu yangu. Wale walikuwa tetere, tena wenye kola nyeusi kisogoni, na ninawachukia mpaka leo.

Kwa bibi yetu, kule Kishapu, tetere walikuwa wa namna mbili. Yule mdogo, mwenye madoadoa kifuani na sauti ya kucheka, aliachwa adonoe uani kama mgeni. Mwenye kola alikula mawe. "Huyo mwizi, ng'wanawane," bibi aliniambia mimi mjukuu wake, "na haji peke yake."

Mwaka ule mvua zilichelewa, na mbegu ya mtama tuliyobaki nayo ilikuwa kikapu kimoja. Bibi aliianika juu ya ngozi ya ng'ombe, akaniachia ulinzi, akaenda kuchota maji. Nikakaa natafuna michembe ya viazi. Kundi likatua, ndege wote wamenielekea. Sikuona kola, nikawaacha wadonoe, tena nikajiona nimejaa adabu kwa wageni. Walipogeuka kuruka ndipo nikaona visogo vyao. Kola ile haifiki mbele; ilinipasa kutafuta madoadoa kifuani. Kwenye ngozi yalibaki makapi.

Bibi hakunichapa. Alikwenda kwa jirani, ambaye vihenge vyake vilijaa, akaomba mbegu. "Nilimie kwanza pamba yangu," jirani akamjibu, "ndipo nikupe." Basi mvua ikanyesha, na bibi yuko shamba la mwenzake na jembe. Kila jioni alirudi anacheka, ananitania kwamba mimi ni mlinzi hodari. Nikaamini hajachoka. Siku moja nikampelekea uji, nikamkuta amenipa mgongo. Alikuwa ameegemea mpini, mkono mmoja kiunoni, hawezi kunyooka.

Tulipopata mbegu, mvua ilikuwa imekata. Mtama ulifika magotini ukakauka. Jirani alishakufa, na bado sijamsamehe.

Leo bibi hayupo, ile ngozi haipo, na pale uani pamesimama nyumba ya watu nisiowajua. Tetere wa kola wapo, wamenona.

"Baba mkubwa, wamekukosea nini?" binti wa mdogo wangu aliniuliza, akiokota kandambili yangu.

Nikamwambia asiwatazame usoni. Azunguke nyuma.